Kondo Lisilozikwa

Chokaa ilipomrukia Sammakka usoni, mtu wa kwanza kufika na maji alikuwa mke wa mwalimu mstaafu, mwenye nyumba. Alitoka jikoni na ndoo imejaa hadi ukingoni, maji yakimmwagikia miguuni, naye akisema, "Mwosheni. Mwosheni macho." Waliomzuia ni wapaka chokaa wenyewe. Komuraiah, mume wa Sammakka, alisimama katikati akanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Usimtie maji, mama. Wewe huijui chokaa."

"Kitu kikikuingia jichoni si unaosha?"

"Vumbi unaosha. Hii chokaa. Hebu tazama pipa."

Pipa lilikuwa bado linachemka. Muda mfupi nyuma walikuwa wametia mawe ya chokaa kutoka tanuri, wakayamwagia maji, na yale maji ya baridi yakaanza kutokota bila moto, mapovu mazito yakipasuka juu, kama ilivyo siku zote. Sammakka aliinama kukoroga, jiwe moja likapasuka chini, pipa likatema. Mtoto wa watu wa chokaa hufundishwa hili kabla hajajua kuhesabu: chokaa na maji vikikutana, ni moto. Ikikudondokea, futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta. Sammakka mwenyewe, amepiga magoti, viganja vimefunika uso, alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Maji hapana. Maji hapana. Mwiteni Mama."

Huyo Mama ni Buchamma, mama yake Komuraiah, aliyekuwa nyuma ya nyumba akikwangua ukuta wa zamani. Alikuwa ametimiza miaka sitini na tatu, na ameishika brashi tangu hajaolewa. Hakupiga kelele wala hakutapatapa. Alimfuta mkwewe uso kwa ncha ya sari, akamlaza kichwa mapajani mwake, akazifungua kwa vidole kope zilizokwisha kuvimba, akamimina mafuta ya mbarika. Jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto, mpaka mafuta yakachuruzika masikioni.

"Yatapoza," alisema. "Baba mkwe wako yalimpoza."

Mke wa mwalimu akaiweka ndoo chini. Hakubishana tena. Wale watu walikuwa na hakika kuliko yeye.

Zilikuwa zimebaki siku nne iingie Sankranti, sikukuu ya mavuno ambayo kila nyumba hupakwa upya, na nyumba ilikuwa imepakwa kuta mbili tu.

*

Mafuta hayakupoza. Daktari wa pale mjini, ambaye watu husema si daktari hasa, alitoa dawa ya matone na kusema wangoje kesho. Kesho yake kope za Sammakka zilikuwa zimegandamana, na walipozibandua alisema hakuna kitu, ni maziwa matupu. Wakapanda basi kwenda Hyderabad, kwenye hospitali ya macho inayotibu maskini bure. Walikwenda wanne: Sammakka, Komuraiah, Buchamma, na Mounika, binti wa pekee wa Sammakka na Komuraiah. Mounika alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na mimba yake ilikuwa ya mwezi wa tisa. Walimkataza, akasema, "Fomu mtasomewa na nani?" Wakamkatia na yeye tiketi.

Upande wa bure una mlango wake, na mlango una mlinzi.

"Ajali ya nini?"

"Chokaa," alisema Komuraiah.

"Mliosha?"

Komuraiah alimtazama mama yake. Mlinzi hakungoja jibu, aliwaelekeza kwa kidevu wapite. Ndani, kijana wa kuandikisha aliuliza jina, kijiji, umri, kisha kalamu yake ikasimama.

"Maji mlitia saa ngapi?"

"Hatukutia," alisema Buchamma.

"Mlitia nini?"

"Mafuta."

Kijana aliandika. Akageuka kwa mwenzake wa meza ya pili akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wa mafuta mwingine." Mwenzake akatikisa kichwa. Watu kumi na watano waliokuwa kwenye foleni wakamtazama mama mzee.

Walipokwenda kukaa, mfagizi akawaambia wasiegemee ukuta, migongo yao ina chokaa. Buchamma alisogea mbele ya benchi. Ukuta ule ulikuwa wa rangi ya mafuta, nayo ilikuwa imechuruzika kwenye pembe. Yeyote aliyeupaka hakujua kukausha brashi. Aliliona hilo, hakulisema.

Chumba cha ndani kilikuwa na muuguzi mtu wa Kerala, jina lake Aleyamma, mwanamke mnene wa miaka hamsini, mwenye mikono mikavu. Alitundika mfuko wa maji juu ya kitanda, akamwambia Buchamma amshike mgonjwa kichwa. Akafungua mrija, maji yakaanza kutiririka ndani ya jicho la kulia.

Buchamma alifumba macho yake mwenyewe. Alikuwa akingoja chokaa ichemke.

Maji yalitiririka. Mfuko wa kwanza ukaisha, ukatundikwa wa pili. Sammakka, aliyekuwa amekaza mwili wote, alilegea pole pole, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Mbona haichemki?" aliuliza Buchamma.

"Ichemke kwa nini, bibi?"

"Chokaa na maji."

"Chokaa yenu ilikwisha kuchemka pipani," alisema Aleyamma, macho kwenye mrija. "Ilipomrukia ilikuwa haina tena kuchemka, ilikuwa na kula tu. Maji huiondoa. Mafuta huifungia ndani." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa akataja saa.

Kisha akaja daktari, Vasundhara, mwanamke mwembamba mwenye mvi upande mmoja wa kichwa. Alizipindua kope za Sammakka nje ndani, akaanza kutoa kwa pamba vipunje vyeupe vilivyokuwa vimejificha kule chini, vimeshikana na mafuta. Kila kipunje alikiweka kwenye kitambaa cha kijani karibu na mkono wa Buchamma. Buchamma alivihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Kuna adhabu ambazo mtu hupewa kwa kelele, akapata hata nafasi ya kujitetea. Hii ilikuwa imenyamaza.

*

Siku ya tatu daktari aliwakalisha wote chumbani kwake, akasema hatawaficha.

"Jicho la kulia limeungua vibaya sana. La kushoto afadhali. Yote mawili, ile ngozi laini ya juu imekwisha kuliwa. Jicho bila ngozi yake halifungi kidonda. Linaota nyama, kope inajishika humo, basi. Kwa hiyo nataka kulivika."

"Kulivika nini?" aliuliza Komuraiah.

"Ndiyo nawaeleza. Kama angeungua jicho moja tu, ningekata kipande kidogo cha ule utando wa jicho zima, nikakipandikiza upande wa pili. Ni chake mwenyewe, hakuna bora kuliko hicho. Lakini yeye hana jicho zima la kukopa. Naweza kukata utando wa ndani ya mdomo, hapa nyuma ya mdomo wa chini. Huo nao ni wake. Una nguvu, unadumu. Lakini ni mnene, mwekundu. Ni kama kuweka kiraka cha gunia kwenye kitambaa cha pamba. Kuzuia kope isigandamane unafaa. Kuupitishia mwanga haufai."

"Wa yai je?" alisema Komuraiah.

Mounika akamgusa baba yake begani. "Baba."

"Niache niulize. Mimi nilipojikata na shoka, mama alinibandika ule utando wa ndani ya ganda la yai. Kidonda kilipona hakikuacha hata baka." Akaonyesha mguu. Baka lilikuwapo, lakini dogo.

Daktari hakucheka. Aliinama akautazama mguu. "Si upuuzi. Wapo wataalamu wanaoupima huo, na wengine wanapima magamba ya samaki. Wakimaliza kupima watatuambia. Lakini mimi siwezi kumwekea mama huyu kitu ambacho bado kinaulizwa. Ninaotumia ni utando wa kondo la nyuma. Ule wa ndani kabisa, unaomzunguka mtoto tumboni, wenye maji. Mnauita chupa. Ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unapitisha mwanga, unapoza moto wa kidonda, na mwili haukasiriki nao. Baada ya wiki mbili tatu unayeyuka wenyewe. Ukiyeyuka kabla kidonda hakijafunga, tunavika mwingine."

Katika nyumba yetu yoyote hicho ni kitu ambacho wanaume hawakitaji na wanawake wanakitaja kwa kunong'ona. Komuraiah aliangalia sakafu.

"Kondo la nani?" aliuliza Sammakka. Alikuwa amekaa wima, bandeji usoni, mikono magotini.

"La mama fulani aliyelitoa kwa hiari yake. Amepimwa damu, yu salama."

"Nikilivaa, halitamdhuru mwanawe?"

Daktari akamjibu, "Mtoto amekwisha kuzaliwa, mama. Halihitaji tena."

Siku hiyo hiyo alivikwa. Jokofuni vilikuwa vimebaki vipande viwili. Vyote viwili vikashonwa kwenye macho ya Sammakka kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

*

Siku ya kumi na mbili, utando wa jicho la kushoto ulikuwa umeyeyuka mapema na kidonda kilikuwa kimefunga nusu tu. Daktari akasema unatakiwa mwingine kabla wiki haijaisha, la sivyo nusu iliyofunga nayo itafunguka. Aleyamma akasema jokofu ni tupu. Mji mwingine umeombwa kipande. Huenda kikaja Alhamisi, huenda kisije.

Siku hiyo Aleyamma alikaa kwenye benchi la baraza karibu na Mounika, akamenya chungwa, akampa nusu.

"Mtoto amekaaje?"

"Amelala mshazari. Hospitali ya wazazi hapo ng'ambo wamesema ni kupasuliwa. Jumatatu."

"Nilisikia. Ndiyo maana nimekuja kukaa hapa, sitakudanganya. Kondo tunalopokea ni la mama anayepasuliwa kwa siku iliyopangwa, kwa sababu linatoka safi. Moja hutupatia vipande kumi, mara kumi na vitano. Wengi tunaowaomba wanakataa."

"Likitoka langu, anapewa mama yangu?"

"Hapana. Lazima lipimwe, lisafishwe, lingoje. Mama yako hawezi kulingoja. Atakachopata kitatoka kwa mwingine. Na kikija, atavikwa ukubali ukatae. Usije ukafikiri ninakubana."

Mounika alitafuna chungwa. "Hilo si la kuniuliza mimi peke yangu. Kuna bibi."

Kuna bibi, naam. Kwetu kondo la mzaliwa wa kwanza huzikwa uani kwa wazazi wa msichana. Hutiwa kwenye chungu kipya pamoja na manjano, chumvi na majani ya mwarobaini, likafukiwa mahali mbwa hafiki. Anayelizika ni mama wa mzazi. Mama akiwa hawezi, ni mkubwa wa kike wa nyumba. Likipotea, husemwa, maziwa ya mama hukauka na mtoto hukaa akilia bila kujua anachokililia. Hata siku hizi za kuzalia hospitali, wauguzi wamezoea. Anayeomba hupewa lake ndani ya mfuko wa nailoni, naye hupanda nalo basi akalificha chini ya kiti.

Buchamma alipoambiwa hakukasirika. Alikunja majani yake ya tambuu, akayarudisha kwenye kikasha bila kutafuna.

"Hapana," alisema.

"Bibi, kama ni kwa sababu ya—"

"Nisikilize, sista. Mwanamke mmoja nimemharibia macho kwa kujua kwangu. Unataka sasa niharibu na kitoto kwa kutojua kwangu? Nitasema nini? Nitasema mara hii nayo nilidhani?"

Aleyamma alikusanya maganda ya chungwa akaondoka.

*

Usiku ule na kutwa ya pili yake hakuna aliyelitaja jambo lile. Buchamma alimlisha mkwewe wali na dengu kwa mkono, tonge ndogo ndogo, akimfuta kidevu. Tangu ajali wawili hawa walikuwa hawajazungumza juu ya mafuta. Watu wote wengine walikuwa wamezungumza. Kila daktari mwanafunzi aliyepita na faili aliuliza upya, "Na maji mlitia lini?", na kila mara Buchamma alijibu mwenyewe, amesimama, "Hatukutia. Nilitia mafuta mimi." Siku moja Sammakka alisema kutoka kitandani, "Mimi ndiye niliyekataa maji. Andikeni hivyo." Mwanafunzi akasema fomu ina nafasi ya jibu moja.

"Mama," alisema Sammakka, tonge mdomoni. "Hiki walichonishonea. Nakihisi."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kabla yake nilikuwa kama nina pilipili chini ya kope, usiku na mchana. Waliponivika tu, ikanyamaza. Siku kumi nimelala. Sasa la kushoto limeanza tena." Akameza. "Najiuliza ni wa wapi. Huyo mama. Kama ni mtu wa shamba au mtu wa mjini."

"Kula."

"Nakula. Nawaza tu. Nyumbani kwao walizika nini?"

Buchamma aliweka sahani chini. Alinawa mkono, akaenda mpaka chumba cha wauguzi, akasimama mlangoni. Aleyamma alikuwa akikunja bandeji.

"Huyo mwanamke, mwenye kile alichovaa mkwe wangu. Anaitwa nani?"

"Hatusemi, bibi. Na mimi sijui. Tuna namba tu."

"Kwao walizika nini?"

"Sijui. Huenda hawakuzika kitu. Baada ya sisi kutoa ule utando, linalobaki huchomwa. Ndiyo sheria."

"Hamlirudishi hata hilo linalobaki?"

"Haturudishi."

"Na mtoto wake? Ananyonya? Ni mzima?"

Aleyamma aliacha kukunja. Angeweza kusema ni mzima. Wengi hulisema, na mara nyingi huwa kweli. "Sijui, bibi," alisema. "Tulimpima mama damu miezi saba iliyopita, akaenda zake. Natumaini mtoto anatambaa. Lakini sijamwona."

Buchamma alikaa kwenye kigoda cha mlangoni bila kukaribishwa. Alikaa muda mrefu, akisugua kwa kidole gumba alama nyeupe iliyokuwa kwenye ukucha wake tangu siku ya ajali.

"Ungeniambia unajua," alisema mwishowe, "ningekwenda zangu. Tangu nije hapa kila mtu anajua. Mimi mwenyewe nilijua, na unaona nilichofanya. Wewe husemi usichokijua." Akainuka, magoti yakilia. "Leta hiyo karatasi. Mounika atatia saini yake, kwa sababu ni lake. Lakini uandike pia kwamba aliyekubali ni mimi. Kama kuna neno litakuja, lije kwangu."

"Fomu haina nafasi hiyo, bibi."

"Basi andika pembeni."

Aleyamma akaandika pembeni, kwa mkono, na Buchamma akaweka dole gumba.

Alhamisi kile kipande kilikuja kwa basi kutoka mji mwingine, ndani ya boksi la barafu. Sammakka akavikwa mara ya pili. Cha nani, hakuna aliyejua.

*

Jumatatu Mounika alipasuliwa, akazaa msichana wa kilo mbili na nusu. Ailamma, mama wa mume wake, alikuwa amefika tangu asubuhi kutoka kijijini kwao, amevaa sari yake ya sherehe, na kapu mkononi. Ndani ya kapu kulikuwa na chungu kipya, manjano, na chumvi iliyofungwa kwenye gazeti. Si yeye mzishi. Lakini alijua mkwe mwenzake ana mgonjwa, akaona asaidie kubeba.

Walikutana na Buchamma kwenye ujia kati ya vitanda vya wodi ya wazazi.

"Hongera, mkwe wangu. Mtoto nimemwona, rangi amechukua kwetu. Haya, liko wapi? Basi la saa nane litatuacha."

"Halipo," alisema Buchamma. "Nimelitoa."

"Umelitoa wapi?"

"Hospitali ya macho."

Ailamma alicheka kwanza, kwa kuwa aliona ni utani. Halafu akatazama uso wa mwenzake. "Damu ya mwanangu umewapa wageni waikatekate?"

"Nimewapa."

"Ili kumlipa mkwe wako macho uliyomwagia mafuta."

Wanawake wa vitanda vya karibu waligeuza vichwa. Buchamma alisimama pale pale.

"Yeye halimfikii. Ni la watu wengine, siwajui."

"Kumbe ni upumbavu mara mbili. Ungemponya wa kwako ningesema sawa, uchungu wa mtu. Sasa umepoteza na hukupata."

"Mama, ni langu," alisema Mounika kutoka kitandani, sauti imekauka kwa dawa. "Saini niliweka mimi."

"Wewe nyamaza, mwanangu, umeshonwa tumbo," alisema Buchamma. Akamgeukia Ailamma. "Nipige maneno mimi. Nimekuja kuyachukua."

Lakini Ailamma hakuwa na maneno mengi tena. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulia, kilio cha mtu aliyeogopa hasa. Alikuwa amewazika wajukuu wawili, watoto wa binti yake mkubwa. Buchamma alilijua hilo, na alikuwa amelijua wakati anaweka dole gumba. Alikaa kando yake. Hawakushikana mikono. Chungu kilikaa kati yao.

Siku ya kwanza maziwa hayakutoka, wala ya pili. Ailamma hakumwondolea Buchamma macho. Muuguzi wa wazazi alieleza kwamba aliyepasuliwa hukawia. Buchamma alisali kwa Pochamma, mungu wa kike mlinzi wa watoto wetu, asubuhi na jioni, amejifunika kichwa, bila kumwahidi kitu, maana hakuwa na kitu. Siku ya nne yalitoka, machache, ya manjano. Ailamma alisema ni uji wake wa uwatu. Buchamma akasema ndiyo, ni uji, akaenda kumwoshea sufuria.

Kwa nini yalitoka siku ile na si nyingine, Mungu ndiye ajuaye. Mimi naandika tu kwamba yalitoka.

*

Wiki ya tano daktari aliamua kumfungua Sammakka bandeji na kumpima. Wenye kusindikiza hawaruhusiwi kuingia chumba cha kupimia, kwa hiyo Buchamma alibaki nje, kwenye benchi refu la wanawake. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa, bibi zaidi ya ishirini, wengi wa umri wake, sari zimepauka, vichwa vimefunikwa, kila mmoja na faili mapajani. Komuraiah alikuwa amerudi mjini kwao kumaliza nyumba ya mwalimu. Mounika alikuwa nyumbani na mtoto.

Ndani, daktari aliondoa bandeji ya kulia. "Unaona nini?"

"Hakuna."

Alimulika taa. "Na sasa?"

"Hakuna, daktari."

Daktari aliandika. Akasema hilo la kulia atalivika utando wa mdomo, kope isigandamane na jicho lisisinyae. Halitaona. Sammakka akaitika. Alikuwa ameshalijua kwa wiki nyingi, kama mtu anavyojua chumba cha pili hakina mtu.

Akafungua la kushoto.

Sammakka aligeuza kichwa pole pole, kushoto kisha kulia.

"Mama? Unaona nini?"

"Ni kama ukuta uliopakwa mkono mmoja wa chokaa," alisema Sammakka. "Weupe umepita juu, lakini cha chini kinaonekana."

"Vidole vingapi?"

"Viwili. La, vitatu. Kimoja umekificha."

"Na kule ukutani, herufi?"

"Kusoma sijui. Lakini ile ya juu ni nyeusi, kubwa, ina mguu mmoja."

Daktari aliweka kalamu chini, akasugua macho yake mwenyewe. Alisema weupe huenda ukapungua kidogo, huenda usipungue. Kazi ya juu ya ngazi aiache. Karibu na chokaa asisogee tena maishani. Sammakka akauliza kama anaweza kutoka mwenyewe, bila kushikwa. Daktari akasema ajaribu.

Mlango ulifunguka. Buchamma alimwona mkwewe amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, kichwa kimeinama kidogo kushoto. Alifungua kinywa kumwita, akakifunga. Aliishika faili kwa mikono miwili, akakaa kama wenzake walivyokaa, hakusogea wala hakukohoa.

Sammakka alianza kutembea mbele ya benchi. Kwa mbali nyuso zilikuwa mabaka tu, kahawia juu ya rangi zilizopauka, na ilimbidi afike hatua mbili kabla baka halijapata pua na mdomo. Alikwenda taratibu. Alisimama mbele ya bibi mmoja mwenye hereni kubwa, akamtazama, akapita. Akasimama mbele ya mwingine aliyekuwa amelala, akapita. Alipofika kwa Buchamma alipita hatua moja mbele.

Akasimama. Akarudi.

"Mbona hukuniita, Mama?"

"Niliogopa," alisema Buchamma.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utanipita," alisema Buchamma. Machozi yalikuwa yakimchuruzika, na hakuinua mkono kuyafuta.

"Mimi nimekuona tangu mlangoni," alisema Sammakka. "Nilikuwa nawatazama hawa wengine kwanza. Wiki tano sijaona watu."

Buchamma akasogea. Bibi wa upande wa pili naye akasogea, na Sammakka akakaa katikati yao.